Kwa nini michezo ya zamani ya kuchemsha bongo hairudi kirahisi kwenye mashine mpya?

Ubao wa igisoro uliochongwa nusu karne iliyopita mjini Gisenyi bado unachezeka leo. Anayetaka kuucheza anahitaji kete 64 na mwenzake wa kuketi mkabala naye, basi. Kaseti ya mchezo wa Tetris iliyouzwa mwaka 1989 haina bahati hiyo. Mashine iliyoundwa kwa ajili yake haitengenezwi tena, televisheni za wakati ule zimeondoka sebuleni, na haki za mchezo wenyewe zimepita katika mikono kadhaa.

Hii ndiyo sababu kuutoa upya mchezo wa zamani kwenye konsoli za kisasa, yaani mashine za michezo ya video kama vile Nintendo Switch au PlayStation 5, si kazi ya kunakili tu. Huhitaji wanasheria, mafundi na wafasiri. Michezo mingi haifiki huko kabisa. Mnamo Julai 2023, shirika la Video Game History Foundation la nchini Marekani lilichapisha utafiti uliobainisha kuwa asilimia 87 ya michezo ya video iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena kwa njia halali madukani.

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili wa Rubavu na wa Goma, ng'ambo ya mpaka, suala hili lina uzito wa ziada. Mchezo unaporudi kwenye kioo, ni toleo lipi linalorudi, kwa lugha ipi, na kwa kanuni za nani?

Haki ni ya nani?

Kikwazo cha kwanza ni cha kisheria. Tetris ilibuniwa mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, mtaalamu wa kompyuta aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo cha Sayansi cha Umoja wa Kisovieti mjini Moscow. Haki za kuuza mchezo huo nje ya nchi zilishikiliwa na shirika la serikali lililoitwa Elorg. Mwaka 1989 Elorg iliipa kampuni ya Nintendo ya Japani haki za konsoli. Kampuni ya Tengen, iliyokuwa tayari imetoa kaseti zake, ikaamriwa na mahakama ya Marekani kuziondoa sokoni. Pajitnov mwenyewe alirejeshewa haki zake mwaka 1996.

Matokeo ya historia hiyo yanaonekana hadi leo. Jina na ubunifu wa Tetris viko chini ya kampuni moja, lakini programu ya toleo maarufu la Game Boy la mwaka 1989 iliandikwa na Nintendo. Ili toleo hilo lirudi, lazima pande zote mbili zikubaliane. Liliuzwa kwenye duka la mtandaoni la mashine ya Nintendo 3DS kuanzia mwaka 2011, likaondolewa mwishoni mwa 2014, kisha likaonekana tena Februari 2023 kwa wanaolipia huduma ya Nintendo Switch Online. Mkusanyiko wa Tetris Forever, uliotolewa mwaka 2024 kuadhimisha miaka 40 ya mchezo huo, haukuwa na toleo hilo la Game Boy.

Wakati mwingine jina pekee hutosha kuufunga mlango. Mwaka 1995 Nintendo ilitoa nchini Japani mchezo wa kupanga vigae ulioitwa Panel de Pon. Ulipopelekwa Marekani mwaka uliofuata, ulibadilishwa wahusika na kupewa jina la Tetris Attack, ingawa uchezaji wake haufanani na wa Tetris. Jina hilo la kukopa likawa mzigo. Mchezo huo uliporudi mwaka 2020 kwa wachezaji wa nchi nyingi, kilichotolewa ni toleo la Kijapani, maandishi yake yakiwa bado ya Kijapani.

Mashine mpya, mwendo tofauti

Kikwazo cha pili ni cha kiufundi. Programu ya zamani iliandikwa kwa lugha ya mashine moja mahususi. Ili ifanye kazi kwenye mashine mpya, huundwa programu nyingine ya kuigiza tabia za ile ya kale, ama mchezo mzima huandikwa upya. Njia zote mbili zinaweza kubadilisha kitu ambacho mtazamaji hakioni lakini mchezaji anakihisi vidoleni.

Mfano mmoja ni mwendo wa picha. Televisheni za Marekani na Japani zilionyesha takriban picha 60 kwa sekunde, ilhali za Ulaya na za sehemu kubwa ya Afrika zilionyesha 50. Michezo mingi iliyotayarishwa kwa soko la picha 50 ilikwenda polepole zaidi, kwa takriban sehemu moja ya sita. Sony ilipotoa mashine ndogo ya kumbukumbu, PlayStation Classic, mwaka 2018, michezo tisa kati ya 20 iliyomo ilikuwa ya aina hiyo, na wachezaji wengi wakalalamika.

Mfano wa pili ni ucheleweshaji. Televisheni bapa za leo huichakata picha kwanza kabla ya kuionyesha. Katika michezo mingi, chembe hiyo ya sekunde haina madhara. Lakini katika toleo la Tetris la mashine ya NES, kuanzia ngazi ya 29, kipande hushuka safu zote 20 za uwanja kwa takriban theluthi moja ya sekunde. Ndiyo maana mabingwa wa toleo hilo, akiwemo mvulana wa Marekani wa miaka 13 aliyeufikisha mchezo mahali ulipokwama wenyewe Desemba 2023, wamezoea televisheni nzito za zamani.

Duka lisilomfikia mnunuzi

Tuseme haki zimepatikana na programu imekamilika. Mchezo hauuzwi tena kwa kaseti. Unauzwa katika duka la mtandaoni, na duka hilo humtaka mteja ataje nchi yake. Rwanda haimo katika orodha ya nchi zinazoweza kuchaguliwa wakati wa kufungua akaunti ya PlayStation, na ndivyo ilivyo kwa nchi nyingi za Afrika. Jambo hili lilijulikana duniani Mei 2024, wakati Sony ilipotaka wanunuzi wa mchezo mmoja wa kompyuta wawe na akaunti hiyo, na mchezo ukaacha kuuzwa katika nchi na maeneo zaidi ya 170.

Duka la namna hiyo linaweza pia kufungwa. Nintendo ilisitisha mauzo katika maduka ya mashine zake za Wii U na 3DS Machi 2023, na michezo mingi ya zamani iliyokuwa imefufuliwa humo ikapotea sokoni kwa mara ya pili. Kaseti, hata ikichakaa, humilikiwa na aliyeinunua. Mchezo wa dukani mtandaoni hutegemea uamuzi wa mwenye duka.

Mchezo usio na mmiliki

Igisoro haina vikwazo hivyo vya haki. Hakuna kampuni inayoimiliki, kama ilivyo kwa ndugu zake: omweso wa Uganda na bao la Waswahili. Mwaka 1977 mtafiti Philip Townshend alichapisha utafiti kuhusu michezo ya ukoo huu katika nchi za Zaire, Rwanda na Burundi, kwa hiyo kumbukumbu za maandishi zipo pia. Je, mchezo wa namna hii si rahisi kuutia katika konsoli?

Ugumu wake ni wa aina nyingine. Ubao wa igisoro na ubao wa bao vinafanana: safu nne za mashimo manane na kete 64. Lakini katika igisoro kete zote huwa ubaoni tangu mwanzo, na kwa kawaida anayekula huchukua kete za mashimo mawili ya mpinzani yaliyo mkabala. Katika bao la Kiswahili, kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, huanza kwa kunamua kabla ya kuingia mtaji, na hula kutoka safu ya mbele peke yake. Katika igisoro hushindwa asiyeweza tena kucheza. Katika bao hushindwa pia aliyeishiwa kete safu ya mbele.

Wazee wawili wakitofautiana kuhusu kanuni, huafikiana palepale. Programu haijui kuafikiana; lazima iambiwe kila kitu mapema. Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, walipoandika programu ya bao mwaka 2002, walitegemea kanuni zilizokusanywa na mtafiti Alex de Voogt kwa mabingwa wa Zanzibar. Hata hivyo kompyuta iliibua swali zito: mtu afanye nini kete zikizunguka ubaoni bila dalili ya kukoma?

Toleo linalochaguliwa ndilo linalosambaa. Mwaka 2020 Nintendo ilitoa mkusanyiko wa michezo 51 ya jadi ya dunia kwa ajili ya Switch. Mchezo wa kwanza kwenye orodha unaitwa Mancala, jina la jumla la ukoo huu wote. Lakini ubao wake una safu mbili za mashimo sita, kwa kanuni zinazotokana na Kalah, mchezo uliobuniwa na Mmarekani William Julius Champion mnamo mwaka 1940. Mtoto wa Gisenyi atakayeukuta kwenye kioo hataona safu nne za babu yake, wala hatasoma neno la Kiswahili au la Kinyarwanda.

Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017, lakini hakimo miongoni mwa lugha za kuchagua kwenye Switch. Mpangilio huo wataubadilisha watengenezaji walio mbali. Kuandika kanuni za igisoro kama zinavyochezwa Rubavu, pamoja na majina ya kila hatua katika lugha za wachezaji, hakuhitaji leseni ya mtu yeyote. Kunahitaji wachezaji wanaozijua, wangali hai.