Maganda ya Risasi: Usafishaji, Ujazaji Upya na Tahadhari kwa Mtumiaji

Swali kuhusu maganda ya risasi yaliyokwisha kutumika hutufikia kwa sura mbili. Mkulima wa Makurunge, mwenye shotigani anayoimiliki kwa leseni ili kulinda shamba dhidi ya ngiri na nyani, huuliza iwapo ni salama kununua risasi zilizojazwa upya, kwa kuwa ameambiwa kuwa bei yake ni nafuu. Mwingine, asiye na bunduki yoyote, ameokota maganda na angependa kuyasafisha ili ayauze kama shaba. Tunawajibu wote wawili hapa, maana hatari inayowakabili ina chanzo kimoja.

Risasi kamili ina sehemu nne: ganda, fataki iliyopachikwa kwenye kitako cha ganda, baruti iliyomo ndani, na kichwa au marisau yanayorushwa. Baada ya kufyatuliwa, kinachobaki ni ganda na fataki iliyolipuka. Ganda bora hutengenezwa kwa shaba ya njano, ambayo ni mchanganyiko wa takriban asilimia 70 ya shaba nyekundu na asilimia 30 ya zinki. Madini haya hutanuka wakati wa mlipuko na kuziba mwanya wote, kisha hurudi nyuma kidogo, na kwa sababu hiyo ganda huweza kutumika zaidi ya mara moja.

Katika nchi kama Marekani, ambako sheria inaruhusu, wawindaji na walenga shabaha wengi hukusanya maganda yao na kuyajaza tena. Fataki kuukuu hung'olewa. Maganda huoshwa kwa maji ya sabuni, au huzungushwa katika pipa dogo lenye chembe za magunzi ya mahindi. Kisha hukaushwa kabisa, hupimwa urefu na kukaguliwa moja moja. Usafishaji huo haufanywi kwa ajili ya urembo. Masizi huficha ufa, chembe ya mchanga hukwaruza chuma cha bunduki, na tone la maji lililosalia huharibu baruti. Hata hivyo, ganda linalong'aa si lazima liwe zima.

Jambo hilo lilijulikana kwa gharama kubwa nchini India wakati wa utawala wa Uingereza. Risasi za jeshi zilizohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi zilionekana kupasuka shingoni kila msimu wa mvua za masika ya huko, ingawa hakuna aliyezigusa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1921 ulionyesha kwamba hewa ya amonia itokayo katika mkojo wa farasi, ikikutana na unyevu, hupenya katika shaba iliyobakiwa na mkazo wa kufinyangwa kiwandani na kuipasua. Pwani yetu haina upungufu wa unyevu, na banda la kuku au la mbuzi mara nyingi halipo mbali na ghala. Asiyejua ganda alilouziwa lilihifadhiwa wapi, na limefyatuliwa mara ngapi, hana namna ya kulipima kwa macho.

Onyo hilo linahusu hata shaba isiyo na uhusiano wowote na bunduki. Sabuni za kusafishia vioo zenye amonia zisitumiwe kwenye mabomba, sinia au dele la kahawa. Ukwaju, au ndimu na chumvi, walivyofanya bibi zetu, hutosha, mradi chombo kisuuzwe mara moja na kufutwa kikavu. Kutu ya kijani ndani ya chombo cha chakula ni sumu, na chombo chenye kutu hiyo kisipikiwe mpaka kisafishwe na kutiwa bati upya.

Tukirudi kwenye maganda, vumbi lake ni hatari kubwa kuliko watu wanavyodhani. Lugha yetu huita kwa neno moja, risasi, kitu kinachorushwa na madini mazito yanayotumika kukitengenezea. Madini hayo yamo pia katika fataki nyingi, nayo hubaki ndani ya ganda kama masizi ya kijivu. Anayesugua maganda uani kwa mchanga mkavu huvuta masizi hayo na kuyabeba kwenye nguo hadi kitandani. Kwa mtoto hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Madini hayo huathiri ubongo unaokua, na madhara yake hayarekebishiki. Sufuria iliyooshewa maganda isirudishwe jikoni.

Kuhusu sheria, hatuna budi kusema wazi. Tangu mwaka 2015 Tanzania ina sheria inayoweka umiliki, uuzaji na utengenezaji wa risasi chini ya leseni. Anayetia fataki na baruti mpya katika ganda kuukuu anatengeneza risasi, hata kama afanya hivyo sebuleni kwake kwa matumizi yake mwenyewe. Mwenye leseni anunue kwa muuzaji aliyeidhinishwa, katika boksi lisilofunguliwa, na adai risiti. Akikuta boksi moja lina maganda yenye alama tofauti kwenye kitako, fataki za rangi mbalimbali, mdomo uliojikunja au mikwaruzo inayozunguka ganda, asinunue. Baruti ikizidi kipimo, bunduki hupasuka mikononi. Ikipungua, kichwa hukwama ndani ya mtutu, na risasi ifuatayo hufanya madhara yaleyale.

Kwa muokotaji, faida yenyewe ni ndogo kuliko sifa yake. Ganda la shotigani aghalabu ni plastiki yenye kitako chembamba cha chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na maganda mengi ya bunduki za kijeshi ni chuma kilichopakwa shaba nyekundu juu. Sumaku huyafichua papo hapo, na mnunuzi wa skrepa anaijua siri hiyo kabla yako.

Lakini kosa ambalo halisameheki ni kudhani kuwa kila kilichookotwa ni tupu. Risasi ambayo fataki yake haikulipuka huonekana kuukuu sawa na ganda, na ikigongwa kwa nyundo au kutupwa katika tanuri la kuyeyushia huripuka. Milipuko ya maghala ya silaha ya Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011 iliua watu zaidi ya 20 kila mmoja na kutawanya mabomu katika makazi ya watu. Hapa Bagamoyo vilevile vita vilipita: mwezi Agosti 1916 Waingereza waliuteka mji huu kutoka kwa Wajerumani baada ya kuupiga mizinga kutoka baharini. Miaka mingi ardhini haiondoi nguvu ya baruti. Huenda ikaifanya fataki iwe nyepesi zaidi kushtuka.

Kwa hiyo ukilima na jembe likagonga kitu cha namna hiyo, usikiokote, usikioshe, wala usikipeleke kituoni kwa mkono wako. Weka alama kwa mti au kitambaa umbali wa hatua kadhaa, ondoa watoto, kisha mwarifu mtendaji wa kijiji au piga simu polisi kwa namba 112. Wao ndio watakaokuja kukichukua.