Juu ya Maisha ya Watunzi wa Nyimbo za Injili

Katika Nyasubi, mojawapo ya kata za mji wa Kahama, nyimbo za Injili huimbwa makanisani kila Jumapili na watu ambao lugha yao ya kwanza ni Kisukuma, Kinyamwezi, Kisumbwa au nyingineyo. Wengi huziimba kwa ghibu. Lakini ukimwuliza mwimbaji, “Wimbo huu ni wa nani?” huenda akakutajia nambari yake kitabuni, wala si jina la mtu. Makala haya yanakusudia kueleza mambo mawili: kwanza, baadhi ya watunzi hao walikuwa watu wa namna gani; na pili, kwa nini maisha yao hayasikiki tena katika maneno ya Kiswahili.

Tuanze na Joseph Scriven, mtunzi wa wimbo mashuhuri unaomsifu Yesu kuwa rafiki. Alizaliwa Ireland mwaka 1819, akasoma katika chuo cha Trinity, Dublin. Mchumba wake alikufa maji siku moja kabla ya arusi. Scriven alihamia Kanada, akaposa tena, na mchumba wa pili naye akafariki kwa maradhi mwaka 1860. Maneno ya wimbo wake aliyaandika mwaka 1855 ili kumliwaza mama yake aliyekuwa mbali naye. Hapo kwanza yalichapwa bila jina, hata watu wakadhani mtunzi ni Horatius Bonar wa Uskoti. Basi twaona kuwa wimbo huu ulianza kumpoteza mwenyewe hata kabla ya kuvuka bahari kuja kwetu.

Fanny Crosby wa Marekani (1820–1915) alipofuka akiwa mtoto wa majuma machache, akasoma katika shule ya vipofu mjini New York, na baadaye akafundisha hapo hapo. Nyimbo zake zapita 8,000. Wachapaji hawakupenda kitabu kijae jina la mtu mmoja. Kwa sababu hiyo alitumia majina ya bandia yapatayo mia mbili. Malipo yake yalikuwa dola moja au mbili kwa wimbo, na miaka mingi ya maisha yake aliishi katika mitaa ya maskini na kuwahudumia waliokuwamo. Mtu aijuaye habari hii, kila akutanapo na neno “kuona” katika nyimbo zake, atalisikia kwa uzito mwingine.

Wa tatu ni Horatio Spafford, mwanasheria wa Chicago. Moto mkubwa wa mwaka 1871 ulimtia hasara kubwa. Tarehe 22 Novemba 1873, meli Ville du Havre ilizama katika Atlantiki baada ya kugongana na nyingine. Binti zake wanne wakafa, mkewe akaokolewa. Kutokana na msiba huo alitunga wimbo wake juu ya nafsi iliyo salama. Aliyeutia muziki, Philip Bliss, alikufa katika ajali ya garimoshi huko Ashtabula, Ohio, tarehe 29 Desemba 1876, mwaka ule ule wimbo ulipotolewa. Spafford mwenyewe alihamia Yerusalemu mwaka 1881, akafia huko mwaka 1888.

Sasa na tutazame kazi ya mfasiri. Neno la Kiingereza lenye maana ya upendo lina silabi moja. La mauti, moja. La bahari, moja pia. Kiswahili chahitaji silabi tatu kwa kila moja la maneno hayo. Tuseme mahadhi yana sauti nane kwa mstari: Kiingereza chaweza kutia humo maneno saba au manane, ilhali Kiswahili chatosheka na matatu au manne. Muziki hauongezeki, basi lazima kitu kiachwe. Fundisho la dini haliwezi kuachwa. Kinachoachwa kwa wepesi ni yale madogo yanayoonyesha mahali, hali na mtu. Kwa hiyo maisha ya mtunzi hupotea mara mbili: jina lake halichapwi, na alama zake katika ubeti zapunguzwa.

Liko pia tatizo la mkazo. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mahadhi mengi ya Kizungu huishia kwa pigo zito. Mstari ukimalizikia neno “Bwana”, pigo huangukia “na”, ingawa ulimi wataka kukaza “Bwa”. Waimbaji wamezoea hata hawaoni tena kasoro.

Walakini tusimlaumu mfasiri bila kumpa haki yake. Spafford aliufananisha utulivu na mto. Mfasiri wa Kiswahili aliuacha mto, akachagua “shwari”, neno la mabaharia. Kwa neno hilo moja aliusogeza wimbo karibu zaidi na bahari iliyouzaa. Huo ni utunzi hasa, naye aliyefanya hivyo asiyejulikana kwa waimbaji ni mtunzi wa pili.

Njia nyingine ni kuanza na mahadhi ya kwetu. Katika miaka ya 1960, Howard Olson, mmisionari wa Kilutheri kutoka Marekani aliyeandika tasnifu yake ya mwaka 1964 juu ya Kinyaturu, aliwahimiza wanafunzi wa Makumira kutunga kwa sauti za Kiafrika. Mmoja wao, Bernard Kyamanywa, alitunga wimbo wa Pasaka kwa mahadhi ya Kihaya. Wimbo huo umetiwa katika vitabu vya Walutheri wa Marekani, na jina la Kyamanywa limechapwa pamoja nao.

Jambo hili lawahusu sana watu wa Nyasubi, kwa kuwa Usukuma haukuwa nchi ya nyimbo zisizo na wenyewe. Vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, huwakumbuka waanzilishi wao kwa majina, Ngika na Gumha. Na katika mashindano ya ngoma, ningi, yaani mtunzi na kiongozi, hujulikana kwa jina, husifiwa na hujibiwa kwa jina. Wajukuu wa wasikilizaji hao sasa huimba kwaya, nao walimu wa kwaya hutunga nyimbo mpya. Lakini Kahama ni mji wa watu wanaokwenda na kurudi. Mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009, ukafikia kufungwa mwaka 2021. Kazi ikihama, mwalimu wa kwaya naye huhama, na wimbo wake hubaki ukiimbwa kama usio na baba.

Dawa yake si ghali. Kila kwaya ina daftari la nyimbo. Ingefaa chini ya kila wimbo yaandikwe mambo manne: jina la mtunzi, mwaka, lugha ya mahadhi, na jambo lililomfanya atunge. Scriven aliponea chupuchupu kusahauliwa. Mtunzi wa Nyasubi asiachwe kungoja bahati kama hiyo, maadamu kalamu ipo na mwenyewe yu hai wa kuulizwa.