Mashine za fezi tatu kwa stima ya nyumbani: Yawezekana, ila kwa masharti

UJENZI wa nyumba za kupangisha umeshamiri katika mji wa Ruiru, ambao katika sensa ya 2019 ulihesabiwa kuwa na wakazi zaidi ya 490,000. Kila jengo jipya huhitaji milango, madirisha na samani, na ndiyo sababu karakana ndogo ndogo huchipuka katika mitaa kama Kiuu, aghalabu kwenye vyumba vya chini au uani mwa nyumba za makao.

Fundi anayeanza kazi katika mazingira hayo hukumbana na kikwazo kimoja mapema. Mashine imara ya kuranda mbao, kukereza vyuma au kutoboa, hasa iliyokwisha kutumika kiwandani na kuuzwa kwa bei nafuu, kwa kawaida huwa na mota ya fezi tatu inayohitaji volti 415. Stima iliyo katika nyumba nyingi ni ya fezi moja, volti 240.

Je, mashine hiyo yaweza kufanya kazi bila kungoja laini mpya ya Kenya Power? Yaweza, lakini kwa masharti, na anayeyapuuza huweza kupoteza mota, na pengine jengo zima.

Kwanza ni vyema kufahamu tofauti iliyopo. Umeme wa Kenya hukamilisha mizunguko 50 kila sekunde, ukipanda na kushuka mithili ya wimbi. Katika fezi tatu, nyaya tatu hubeba mawimbi ya aina moja, ila kilele cha kila waya hufuata kile cha mwenzake baada ya sehemu moja kati ya 150 za sekunde. Ni kama gurudumu kubwa lililozungukwa na watu watatu, kila mmoja akilisukuma linapomfikia. Ndani ya mota, zamu hizo huzaa nguvu ya sumaku inayozunguka, nayo huukokota mhimili. Mota ya namna hii iliundwa na mhandisi Mikhail Dolivo-Dobrovolsky wa kampuni ya AEG, Ujerumani, mwaka wa 1889, na usahili wake ndio ulioifanya itawale viwanda hadi leo.

Katika fezi moja, sumaku hukua na kunywea bila kuzunguka. Mota ya fezi tatu ikipewa umeme huo peke yake hunguruma pasipo kuzunguka, na isipozimwa mara moja, nyaya zake za ndani huungua. Hivyo basi, lazima mawimbi mengine yaundwe, na njia zinazotumika ni tatu.

Njia ya kwanza, iliyo rahisi kuliko zote, ni kapasita. Kifaa hiki huahirisha wimbi na kuupa waya wa tatu zamu ya bandia. Kanuni ya mafundi ni takriban maikrofaradi 70 kwa kila kilowati ya mota. Hata hivyo, mota hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, hushindwa kuanza ikiwa na mzigo mzito, na hupata joto mzigo unapobadilika. Njia hii hufaa feni au mashine ndogo ya kunolea, wala si randa inayomeza mbao ngumu.

Njia ya pili ni kutumia mota nyingine ya fezi tatu kama msaidizi. Ikisha kuanzishwa, mota hiyo huzunguka bila kazi na kuzalisha wimbi linalokosekana, ambalo huelekezwa kwenye mashine. Yaweza kuhudumia mashine kadhaa, lakini ina kelele na hula stima hata fundi anapokunywa chai.

Njia ya tatu, ambayo sasa ndiyo inayopendekezwa zaidi kwa mashine moja moja, ni kifaa cha kielektroniki ambacho mafundi hukiita VFD. Kisichanganywe na invata ya sola ya kuwashia taa. Hupokea fezi moja, huugeuza umeme uwe wa mkondo mnyoofu, kisha huunda upya mawimbi matatu kamili. Faida yake nyingine ni kwamba huanzisha mota polepole. Mota ikiwashwa moja kwa moja huweza kuvuta mara tano hadi saba ya umeme wake wa kawaida, mshtuko ambao hufifiza taa za majirani.

Lakini hapa ndipo wengi hujidanganya. Hakuna hata kimoja kati ya vifaa hivi kinachozalisha nguvu. Vyote hubadilisha umbo la umeme tu. Kazi iliyokuwa ikigawanywa kwa nyaya tatu sasa yote hupitia waya mmoja wa fezi kutoka kwenye mita.

Chukua mfano wa mota ya kilowati 2.2. Kwenye fezi tatu huvuta takriban ampea tano kwa kila waya. Ikiendeshwa kwa VFD kutoka fezi moja, kifaa hicho huweza kuvuta zaidi ya ampea 20 mzigo unapotimia. Soketi ya ukutani imeundwa kuhimili ampea 13. Kuichomeka mashine hiyo kwenye soketi, au kwenye kebo ya kurefushia iliyoviringishwa sakafuni penye vumbi la mbao, ni kukaribisha moto. Mashine ya aina hiyo huhitaji kebo yake yenyewe kutoka kwenye kisanduku kikuu, swichi yake ya kujikata, na waya wa ardhi uliopimwa.

Sharti la pili limeandikwa kwenye kibati cha mota. Kikionyesha volti 240/415, au 230/400, mota hiyo yaweza kuunganishwa kwa mpangilio wa pembetatu, ambao mafundi huuita delta, na ikafanya kazi kwa volti 240 zitokazo kwenye VFD ya kawaida. Kikionyesha 400/690, kama ilivyo kwa mota nyingi za kilowati nne na zaidi, volti 240 hazitaitosha. Mnunuzi wa mashine kuukuu na akisome kibati hicho kabla hajatoa fedha. Vilevile, swichi za ndani ya mashine huenda zikawa zinategemea volti 415, na zitahitaji kubadilishwa.

VFD nayo ina miiko yake. Iunganishwe na mota moja kwa moja, pasiwe na swichi ya kuwasha na kuzima katikati, kwa kuwa kukata umeme hapo kazi ikiendelea huweza kukiharibu kifaa. Baada ya kuizima, fundi angoje muda ulioandikwa kwenye kifaa, aghalabu dakika kadhaa, kabla ya kukifungua, kwani kapasita zake hubaki na umeme wa kuweza kuua. Fauka ya hayo, mota isiendeshwe polepole kwa muda mrefu, maana feni yake ya kujipoza nayo hupunguza mwendo.

Kuna jambo lisilopaswa kujaribiwa kabisa. Katika ploti zenye mita kadhaa, nyumba jirani huweza kuwa kwenye fezi tofauti, na wapo wanaoshawishika kuvuta waya kutoka kwa kila mmoja ili wapate fezi tatu. Kati ya nyaya hizo mna volti 415, na kuzima swichi ya nyumba moja hakuzimi umeme wa nyingine. Anayedhani mashine imekatwa stima aweza kushika waya ulio hai. Tena, kuunganisha stima pasipo idhini ni kosa chini ya Sheria ya Kawi ya 2019.

Mipaka ya njia hizi basi iko wazi. Kwa mashine moja ya hadi kilowati mbili au tatu, VFD iliyofungwa vyema ni suluhisho la busara. Mota ya kilowati 7.5, ya kinu cha kusagia nafaka kwa mfano, ingevuta ampea 35 au zaidi hata kwa hesabu ya ukarimu. Nyumba ya kawaida haikupangiwa mzigo huo. Mwenye kinu hana budi kuomba laini ya fezi tatu.

Maombi hayo hupelekwa Kenya Power yakiwa na kitambulisho, nambari ya PIN ya ushuru na cheti cha fundi aliyefunga nyaya. Gharama hutegemea sana umbali wa laini ya fezi tatu na uwezo wa transfoma iliyo karibu. Fundi anayehusika awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, na mteja ahakikishe kwamba daraja la leseni hiyo linamruhusu kushughulikia fezi tatu.

Kadhalika, karakana ni biashara hata ikiwa uani. Kenya Power hutofautisha ada za makao na za biashara ndogo, na ni heri mwenye karakana aulize mapema yuko katika kundi gani, ili bei anayomtajia mteja wa mlango au kitanda iwe imehesabu stima anayoilipia kweli.