Jina la Doris Miller mlangoni mwa hospitali

Mjini Waco, jimbo la Texas, askari wastaafu wa Marekani hutibiwa katika hospitali ya serikali yenye jina la Doris Miller, mtoto wa wakulima Weusi aliyezaliwa huko mwaka 1919. Sheria ya kuipa hospitali hiyo jina lake ilipitishwa mwaka 2014, miaka 71 baada ya yeye kufa vitani.

Miller alipojiunga na Jeshi la Majini mwaka 1939, kijana Mweusi hakutakiwa kushika silaha. Kazi yake ilikuwa kuwahudumia maofisa mezani na kuwakusanyia nguo za kufua. Alikuwa akikusanya nguo hizo ndani ya manowari West Virginia asubuhi ya Desemba 7, 1941, ndege za Japani ziliposhambulia Pearl Harbor. Akaitwa kwenda kumbeba nahodha wake, Mervyn Bennion, aliyekuwa na jeraha lililomuua. Kisha akaishika bunduki ya kutungulia ndege, ambayo hakuwahi kufundishwa kuitumia, akafyatua hadi risasi zikaisha. Aliokoa pia majeruhi waliokuwa majini, katikati ya mafuta na moto.

Taarifa za kwanza zilimtaja kama mhudumu Mweusi tu, bila jina. Gazeti la Weusi, Pittsburgh Courier, lilishikilia kudai jina lake hadi likapatikana. Mei 27, 1942, Admirali Nimitz alimvisha nishani ya Navy Cross, naye akawa Mweusi wa kwanza kuipata. Lakini jeshi halikumtoa jikoni. Novemba 1943 nyambizi ya Japani iliizamisha meli yake mpya, Liscome Bay, na Miller akafa akiwa mpishi, pamoja na wenzake zaidi ya 600.

Kwangu mimi, hospitali inamfaa kuliko sanamu. Mtu aliyewabeba majeruhi, jina lake sasa liko pale wanapotibiwa majeruhi.

Heshima kama hiyo inahitaji ulinzi. Mwaka 2023 Wizara ya Ulinzi iliipa kambi ya Louisiana jina la Henry Johnson, shujaa Mweusi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 2025 jina hilo likaondolewa na kambi ikarudi kuitwa Fort Polk. Wanaotaka kuwaenzi askari hawa wasiridhike na uamuzi wa waziri. Wadai sheria, kama ilivyofanyika Waco.