Wieliczka: Mji Uliosimama Juu ya Chumvi

Wakaazi wa Magarini, Kaunti ya Kilifi, wanaijua chumvi ya mabwawani: maji ya Bahari Hindi huingizwa kwenye mabwawa, jua likayakausha. Huko Wieliczka, mji mdogo wa Poland ulio jirani na Kraków, chumvi ilichimbwa kama mawe, chini ya nyumba za watu.

Uchimbaji huo ulianza karne ya 13, na mwaka 1290 Wieliczka ikapewa hadhi ya mji. Enzi za Mfalme Kazimierz Mkuu, takribani thuluthi moja ya mapato ya ufalme ilitokana na chumvi. Haishangazi basi kwamba wasimamizi wa mgodi walikaa kwenye ngome. Ngome hiyo ingalipo, na sasa ni makavazi.

Mgodi wenyewe una orofa tisa za kwenda chini, hadi mita 327. Fahari yake ni Kanisa la Mtakatifu Kinga, mita 101 chini ya ardhi. Kazi ya kulichonga ilianza mwaka 1896 na kuchukua zaidi ya miaka 60. Sakafu, madhabahu na sanamu ni chumvi tupu. Hata taa zinazoning'inia zimepambwa kwa fuwele za chumvi. Waliolichonga, ndugu wawili Józef na Tomasz Markowski pamoja na Antoni Wyrodek, walikuwa wachimba migodi. Farasi nao walifanya kazi humo kwa karne nyingi. Wa mwisho, aliyeitwa Baśka, alipandishwa juu mwaka 2002.

UNESCO iliuweka mgodi huo kwenye orodha ya kwanza kabisa ya Turathi za Dunia mwaka 1978, ukiwa miongoni mwa maeneo 12 pekee. Lakini chumvi na maji havipatani. Mwaka 1989 unyevu uliokuwa ukila michongo uliufanya mgodi uorodheshwe kuwa hatarini. Aprili 1992 mambo yakaharibika zaidi: maji yalifurika kwenye njia iitwayo Mina, ardhi ya juu ikadidimia, reli ikapinda na nyumba ya watawa ikapata nyufa. Maji yalidhibitiwa, mitambo ya kupunguza unyevu ikawekwa, na mwaka 1998 mgodi ukaondolewa kwenye orodha hiyo ya hatari.

Uchimbaji wa kibiashara ulikoma mwaka 1996. Ajira sasa inaletwa na watalii, ambao kabla ya janga la korona walikuwa wakizidi milioni moja kwa mwaka. Maji yanayopenya ndani bado hupampiwa nje, yakachemshwa, na chumvi yake ikauzwa.