KUFIWA: KIFO KIMOJA, HUZUNI NYINGI

Makala haya mafupi yanakusudia kueleza jambo linaloonekana katika jamaa nyingi baada ya mazishi: kwa nini watu waliolia pamoja huanza kuepukana wanapobaki peke yao nyumbani. Twaona kwamba lugha yenyewe yatupa ufunguo.

Tutazame kitenzi «kufiwa». Mzizi wake ni -f- wa «kufa», ukifuatwa na -i- ya kutendea na -w- ya kutendwa. Kwa mnyambuliko huo, nafasi ya kiima haishikwi tena na marehemu, bali na aliyeachwa. Tena kitenzi hiki hukaribisha kijazio: amefiwa na nani? Baba akifariki, mama amefiwa na mume, watoto wamefiwa na baba, bibi amefiwa na mwana. Kifo ni kimoja, lakini sentensi ni tatu, wala hakuna iliyo sawa na nyingine.

Wakati wa kilio, kama tusemavyo Lubumbashi, au matanga, kama wasemavyo watu wa mwambao, tofauti hizo hufunikwa. Majirani hukesha uani, chakula hupikwa kwa wengi, nyimbo huimbwa. Wageni wakiisha kuondoka, kila mmoja hubaki na sentensi yake. Mama huwaza kodi ya nyumba na malipo ya shule. Kijana hucheka na wenzake, na bibi hukiona kicheko kile kuwa ni usahaulifu. Mama huficha machozi asiwaumize watoto; nao hawamtaji baba wasimuumize mama. Hivyo huruma yenyewe yajenga ukuta.

Mwaka 1999, Margaret Stroebe na Henk Schut, wataalamu wa saikolojia wa Uholanzi, walieleza kuwa aliyefiwa huenda na kurudi kati ya pande mbili: mara huukabili msiba wenyewe, mara huzishughulikia kazi za maisha mapya. Kwenda na kurudi huko si ugonjwa. Ndiko kunakomwezesha kuishi na msiba wake. Taabu ya nyumba ni kwamba watu hawaendi wala hawarudi kwa wakati mmoja. Anayelia leo humwona mwenziwe kuwa na moyo mgumu, kumbe mwenziwe alilia jana, gizani.

Basi jamaa ifanye nini? Kwanza, jina la marehemu litajwe bila woga. Pili, kila mmoja aulizwe yeye amepoteza nini, kwa maana mjane na yatima hawakupoteza kitu kile kile. Tatu, huzuni isipimwe kwa machozi.

Twawaalika wanafunzi wachunguze jinsi lugha za kwao zinavyomtaja aliyefiwa, na wawaulize wazee nani huzungumza naye baada ya kilio kwisha.