Fuso la kiwandani au la 'tandam'?

Mfanyabiashara wa mahindi wa Vwawa, Mlowo au Tunduma anayetafuta Fuso huonyeshwa la aina mbili: lililobaki kama lilivyotoka kiwandani, lenye ekseli mbili, na lililoongezwa ekseli ya tatu gereji, maarufu kama tandam. La pili humvutia kwa wingi wa magunia.

Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika nchini 2019, inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne, na tani 18 kwa mbili zilizo pamoja. Kwenye mizani ya Mpemba, basi, tandam inapata tani 8 zaidi. Toa, tuseme, tani moja na nusu ya vyuma vilivyoongezwa: yanabaki magunia 65 ya kilo 100. Si haba. (Anayeongeza springi tu hapati hata kilo.)

Lakini mizani hupima kwa ajili ya barabara. Injini, giaboksi na chesisi ni zile zile. Kabla ya kulipa, ingia uvunguni: ekseli ya tatu ina breki zake? Kama haina, mzigo wote wa Dar es Salaam utashikwa na breki za zamani kwenye mteremko wa Kitonga.

Kwa anayekusanya mahindi vijijini Momba masika, ningechukua la kiwandani. Ekseli ya nyongeza isiyosukuma huyapunguzia uzito matairi yanayosukuma, na gari hukwama kwenye tope mapema.